Kujitolea msituni bila mshahara, mnaonaje?

Mwana wa Malindi: Mdogo wangu kamaliza chuo. Ameitwa amsaidie mtafiti wa tabia za sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, msitu wa Arabuko-Sokoke, miezi 3. Chakula atapewa, mshahara hakuna, nauli ya Malindi hadi Gede juu yake. Aende?

Kaskazi: Asiende. Miezi mitatu kukodolea panya macho, bure? Huyo mtafiti ataondoka na shahada, yeye ataondoka na kupe.

Jirani wa Gede: Sange si panya! Nimekulia ubavuni mwa msitu huu na neno hilo linaniudhi. Kwa ukoo yuko karibu na ndovu kuliko panya. Dume na jike wana eneo lao, na hulala katika viota vya majani makavu. Akishtuka anapigapiga mkia chini akikimbia, wewe unabaki kuona kile kiuno cha dhahabu tu.

Kaskazi: Ndovu? Kwa sababu ya pua? Msitufanye watoto.

Mlamu: Si pua, shehe, ni damu. Hata nguva wetu wa Kiunga yumo katika ukoo huo. Usilolijua uliza.

Kaskazi: Mimi nimezungumzia pesa, nyinyi mwanitajia nguva.

Mama Kasa: Wanangu, mwanangu alijitolea Watamu misimu miwili, akikesha ufuoni kungoja kasa wapande kutaga. Akahesabu mayai, akaandika kila usiku. Ripoti ilipotoka, jina lake halimo hata kwenye shukrani. Hilo ndilo lililomuuma, si mshahara.

Msafiri: Kukesha sawa, lakini huku msituni kazi inaanza alfajiri. Vijana wa pwani wataamka?

Jirani wa Gede: Ndugu yangu, futa hayo. Baba yangu alikuwa baharini kabla ya adhana ya alfajiri, maisha yake yote. Mtafiti Galen Rathbun alifuatilia sange hapa hapa magofuni Gede miaka ya 1970, na jina lake twalijua. Wanaowaonyesha watafiti vijia kila siku, nani anawataja?

Msafiri: Sikumtaja baba yako.

Jirani wa Gede: Umesema pwani. Baba yangu ni wa wapi?

Mlamu: Na Lamu pia umetuingiza, ujue.

Mwana wa Malindi: Jamani, anatakiwa ajibu Jumatatu. Mama Kasa, hilo la jina kwenye ripoti, aombe liandikwe kabla ya kuanza?