Eti binti yangu akaibe KUKU ndiyo asome bure!!

Wakuu, natetemeka, naandika kwa kidole kimoja. Nimetoka kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, sasa hivi, kahawa nimeiacha nusu. Simtaji mtu. Mnamjua. Yule wa "kitaalamu" kila sentensi, suruali kaipandisha hadi mbavuni.

Leo kaja na simu anatusomea mambo ya Marekani. Eti kule mfungwa anasoma chuo kwa hela ya serikali, inaitwa Pell Grant. Walinyimwa mwaka 1994, Julai 2023 wakarudishiwa. Ruzuku jamani, siyo mkopo! Nikauliza kwa adabu zangu zote: na mtoto ambaye hajaiba hata sindano je? Binti yangu barua ya chuo iko chini ya godoro tangu mwaka jana, ada haijatimia, anapima mawese kwa chupa ya soda.

Akaniangalia. Akapuliza kahawa. "Basi mzee, mwambie akaibe kuku aingie jela ya Bangwe, kitaalamu anaweza kupata chuo."

KUKU! Kijiwe kizima chali. Muuza kashata alicheka hadi sinia likapinduka. Mbuzi waliokuwa wanapita walisimama kuniangalia. Sina neno na wafungwa, wasome hata urubani. Lakini kuku? Mwanangu? Na alivyopuliza ile kahawa kwanza, taratibu, kama anapoza uji wa mtoto!

Mwisho_wa_Reli: Nimewahi siti ya mbele. Mzee, hiyo kahawa ulilipa?

MamaKibirizi: Huyo namjua! Msibani kwetu alimwambia mjane kitaalamu marehemu alichelewa kufa. Pole baba yangu.

Kibatari: Mkuu, tuwe wakweli. Pell kule ni ya kila mwanafunzi asiye na uwezo, mfungwa hali sahani ya mwanao. Na wanasoma kweli: mwaka 2015 wafungwa wa New York wanaofundishwa na chuo cha Bard waliwabwaga Harvard kwenye mdahalo.

Mleta uzi: Sijauliza Harvard. Nimesema KUKU.

Kibatari: Hasira za nini sasa? Mfungwa akitoka na elimu si afadhali kuliko akitoka na njaa?

Mleta uzi: Alipuliza kahawa KWANZA. Hilo hamlioni?

Mchikichini: Kuku yupi lakini? Wa kienyeji siku hizi bei yake inakaribia semesta. Huyo binti akimpata amuuze tu, jela ya nini.

BirikaLaMwanga: Shikamoo mzee. Vikombe viwili na kashata tatu. Nakusubiri kesho.

Mwisho_wa_Reli: 😂😂😂 Nilijua!

Mla_Migebuka: Nyie mnalia na kuku, mimi jana Kibirizi nimeuziwa dagaa nusu yake mchanga. Nimeosha maji saba, bado meno yanasaga.

MamaKibirizi: Umenunua wa kuanikwa chini, halafu unatusema Kibirizi nzima! Wa kwenye chanja hawana mchanga. Na ulifika saa ngapi? Mitumbwi inarudi alfajiri, wewe unakuja saa tano na kikapu.

Mla_Migebuka: Saa nne.

Mchikichini: Wa chanja nao wamepanda bei, tusidanganyane.

Mleta uzi: Wakuu, na kuku wangu je?

MamaKibirizi: Subiri kwanza baba. Wewe wa saa nne, huyo muuzaji alikuwa amevaa kitenge cha njano?