Kijana wa Kimasai katoroka wodini, nimrudisheje kwenye dawa?

Mpita Usiku:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Tuko wanne, kila Jumanne na Ijumaa usiku tunapita Kariakoo na Jangwani na chupa za chai kuwaona wanaolala nje. Kwenye baraza za Mtaa wa Sikukuu wengi ni vijana wa Kimasai. Mchana wanauza ndala za matairi na dawa za mizizi, usiku wanalinda maduka. Zamu ikiisha, hapohapo ndipo kitanda: boksi chini, rubega juu.

Mmoja amekohoa tangu Ramadhani, mwezi uliopita akatema damu. Nilimbembeleza wiki mbili ndipo akakubali twende. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu. Alikuwa amedhoofu, wakamlaza. Siku ya tano nafika na uji, kitanda kitupu. Nikaambiwa, "Hawa ndivyo walivyo, hawapendi dawa." Neno hilo limeniuma mpaka leo. Kijana yule alitembea kwa miguu hadi hospitali huku anahema, kila baada ya duka mbili tatu anasimama. Asiyetaka dawa hafanyi vile.

Juzi kaniona, kanikwepa. Nifanyeje? Naogopa pia doria isije ikamzoa, alale mahabusu na kifua kile.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, kuna aliyemwambia habari ya mkojo? Kwenye vidonge vile mna rifampisini, inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, mwingine hadi mwekundu. Hata machozi. Haidhuru kitu. Lakini mtu aliyekwisha kutema damu akiona na mkojo umekuwa hivyo, anajua dawa ndiyo inammaliza. Nimewaona wenye elimu zao wakitupa vidonge kwa sababu hiyohiyo.

Dozi ni miezi 6, bure, na akirudi watampokea. Ila akikatisha dawa, vijidudu vinaweza kuwa sugu, kwa hiyo usingoje Ijumaa. Na wote wanaolala naye wapimwe.

Ole wa Kiteto:
Kaka, mimi nimelinda hapa Dar miaka 11. Huko wodini alikula? Ule uji wako ulimwona akiunywa? Morani hali peke yake, anakula na wa rika lake. Umemweka chumbani na wagonjwa asiowajua, sahani mbele yake, yeye na ukuta. Inawezekana siku zote zile alimeza vidonge tumbo tupu.

Usimfukuzie yeye. Fika, sema "Sopa", ngoja waitike "Ipa", kisha uliza mkubwa wao ni nani. Kila baraza ina mkubwa. Kaa chini, mweleze na hilo la mkojo. Akiitwa na mkubwa wake hatakwepa. Na tafadhali msiwaite watu wasio na kwao. Boma lipo. Simanjiro, ukame wa mwanzoni mwa 2022 uliua mifugo kwa maelfu, vijana wakaja mjini kutafuta ng'ombe wa kuanzia tena.

Msaidizi wa Sheria:
Kuhusu doria: uzururaji uko kwenye Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Saa nane usiku hoja hiyo haimwokoi mtu. Mwenye duka aandike barua kuwa huyu ni mlinzi wake, ipigwe muhuri serikali ya mtaa, na kijana atembee nayo pamoja na kadi ya kliniki.

Mpita Usiku:
Mama Nesi, kaka, asanteni sana. Sikungoja Ijumaa, jana nimekwenda. Mkubwa wao alinisikiliza kimya hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu: mkojo utarudi lini? Nikamwambia, dawa zikiisha. Akamwita kijana kwa Kimasai, akaja, akaketi katikati yetu. Kumbe ni mkojo kweli. Na chakula alikuwa akimpa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Leo asubuhi wamekwenda kliniki watatu. Mwenzake wa rika ndiye kaandikwa msimamizi wa dawa. Barua ya duka naifuata kesho.

Wamebaki saba hawajapimwa, na asubuhi ndiyo saa yao ya kulala. Kuna kliniki karibu na Kariakoo inayopokea makohozi jioni?