Toleo moja la katuni lipi ungelichagua?

Swali: Ndugu wasomaji, kama mngebakiziwa toleo moja tu la jarida la katuni, wala si mfululizo mzima, mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Jibu la kwanza: The Amazing Spider-Man, toleo la 33 la mwaka 1966. Steve Ditko anamchora shujaa akiwa amelaliwa na mtambo mzito huku maji yakiingia, na kadiri anavyojikakamua ndivyo fremu zinavyozidi kupanuka, hadi anapouinua katika picha inayojaza ukurasa mzima.

Jibu la pili: Nachagua G.I. Joe, toleo la 21 la mwaka 1984, ambalo Larry Hama alilisimulia bila mazungumzo yoyote. Wanaodai kwamba picha hupamba maneno tu walisome, ikiwa kweli huko ni kusoma.

Muulizaji: La Ditko ninalo, hilo jingine nitalitafuta.