Kusoti faili kubwa kwenye AS/400: FMTDTA, SQL au nilihamishie kwenye laptopu?

Fundi_Mwanjelwa: Wakuu habari za asubuhi. Naomba ushauri wa haraka, bosi anataka jibu Ijumaa. Ofisini kwetu hapa Mbeya tuna AS/400, ile seva ya zamani ya IBM, ya hesabu za wakulima. Faili la mapokezi ya kahawa lazima lipangwe kila usiku kwa namba ya mkulima kabla ya malipo, na programu tuliyoikuta inachukua muda mrefu mno. Niandike upya kwa FMTDTA (amri ya mashine yenyewe ya kusoti), nitumie SQL (lugha ya kuuliza data), au nilishushe kwenye laptopu nilipange huko nilirudishe? Kuna jamaa wa Dar anatuuzia programu yake ya kusoti, ila bei imechangamka.

Ipogolo_Boy: Mkuu, unauliza bei ya ng'ombe bila kumwonyesha. Rekodi ngapi? Urefu gani? Hiyo namba ya mkulima iko nafasi ya ngapi, ni maandishi au namba iliyobanwa (packed, tarakimu mbili kwenye baiti moja)? Na "muda mrefu" ni dakika kumi au mpaka jogoo awike?

Fundi_Mwanjelwa: Msimu ukipamba moto ni kama laki nne. Inaanza saa nne usiku, inamaliza alfajiri. Faili halina fildi, lilitengenezwa kwa urefu tu, 132.

Mzee_wa_36: FMTDTA, maliza mjadala. Nilianza na System/36, mashine ya IBM iliyotangulia, kule tulikuwa na #GSORT ya kusoti, na AS/400 ilipotoka 1988 maelezo yangu ya kusoti yalihamia bila jasho. Mstari wa H (kichwa), kisha mistari ya F (fildi): FNC kwa ufunguo wa maandishi, FNP kwa namba iliyobanwa. Chunga nafasi tu. Ukiandika 2 badala ya 1 itapanga kwa ufunguo uliokatwa kichwa, na haitalalamika.

Binti_Tukuyu: Shikamoo mzee. Ila ukistaafu nani atazisoma hizo FNC? Faili lililotengenezwa kwa RCDLEN (urefu wa rekodi tu) lina fildi moja, jina lake ni lile lile la faili. ORDER BY SUBSTR(KAHAWA, 1, 5), umemaliza. Kama hamna leseni ya STRSQL (skrini ya kuandika SQL), tumia RUNSQLSTM, inaendesha SQL iliyoandikwa kwenye faili.

Mzee_wa_36: Marahaba binti. Nimeshastaafu, na bado wananipigia simu.

Mbozi_Data: Laptopu achana nayo. Chama cha ushirika nilichokuwa nakifanyia kazi kilikuwa na wanachama wa zamani wenye namba za tarakimu tupu, na wapya ambao namba zao zinaanza na herufi, A hadi D. Mashine ikawa nzito, nikajifanya mjanja: nikashusha mapokezi, nikayapanga kwenye Linux, nikayarudisha. Dakika mbili! Nikaenda kulala nimenyoosha miguu.

Sasa programu ya malipo inasoma mafaili mawili sambamba, daftari la wanachama na mapokezi. AS/400 inahifadhi maandishi kwa msimbo wa EBCDIC, herufi zinatangulia tarakimu. Linux ni ASCII, tarakimu kwanza. Daftari likaanza na A0001, mapokezi yakaanza na 00017. Programu ikaona huyu A0001 hana mzigo, ikampita. Ikawapita wote mpaka D ya mwisho, ikawaandikia sifuri. Wa zamani wakalipwa vizuri kabisa. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, hata moja. Jumamosi asubuhi nafika ofisini, foleni imefika barabarani. Kuna mama mmoja alikuwa na stakabadhi tatu kazifunga kwenye ncha ya kitenge, akawa anazifungua moja moja mbele yangu bila kusema neno.

Ipogolo_Boy: Ungeweka LC_ALL=C, Linux ingepanga kwa thamani ya baiti.

Mbozi_Data: Hiyo bado ni ASCII, ndugu yangu.

Binti_Tukuyu: Na kama kuna namba zilizobanwa humo ndani, ubadilishaji wa herufi wakati wa kuhamisha unazivuruga. Kilo zinarudi takataka.

Makambako_Baridi: Uzeni hilo friji mnunue seva ya kawaida. Umeme ukikatika huku kwetu hata betri zinagoma kwa baridi.

Mzee_wa_36: Hilo friji limewahi kukulaza njaa?

Njombe_Mbao: Samahani, laki nne hazikeshi. Si kusoti huko. Faili linalopokea matokeo lina logical ngapi juu yake (mafaili ya kulitazama kwa mpangilio mwingine)? Kila rekodi ikiandikwa, mashine inasasisha zote.

Fundi_Mwanjelwa: Nimeangalia DSPDBR, amri inayoyaorodhesha. Kumi na moja.

Njombe_Mbao: Haya.

Makambako_Baridi: Kumi na moja! Nani anazitumia?

Fundi_Mwanjelwa: Aliyezitengeneza alihamia Songea. Halafu nimefungua mapokezi kwa DSPPFM nikabonyeza F10 nione hex (msimbo wa kila baiti). Nafasi ya kwanza rekodi nyingine zina C1, nyingine F0.

Mbozi_Data: C1 ni A, F0 ni sifuri. Umeona sasa?

Fundi_Mwanjelwa: Nimeona mkuu, laptopu basi. Ila nafasi ya 60 kuna 00 12 3D. Hii nini?

Mzee_wa_36: Imebanwa, na hiyo D ni hasi. Mkulima anadaiwa, au ni gunia lililorudishwa?

Fundi_Mwanjelwa: Ngoja nimuulize mhasibu, ametoka kunywa chai.