Mrejesho: ekzosi iliyokuwa inavuja pale kwenye hedi

Wakuu habari za saa hizi. Nilikuja hapa kuuliza kuhusu pikipiki yangu ya cc 125, ilikuwa inapiga "pa pa pa" pale ekzosi inapoingia kwenye hedi (kichwa cha injini), na fundi mmoja wa huku Mbagala akakaza nati kwa spana ndefu mpaka stadi moja (ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikakaribia kukatika.

Nashukuru sana mlionishauri. Nimeenda Kariakoo nikanunua gasketi mpya, ile ringi ya kopa inayoziba hapo kwenye maungio, maana ya zamani ilishabonyea na kupasuka, hapo hata ukaze vipi itavuja tu. Halafu nikasubiri injini ipoe kabisa, nikalegeza na bolti ya kule nyuma inayoshikilia ekzosi ili bomba likae lenyewe bila kuvutwa, hii kwa kweli sikuwahi kuifikiria. Nikaanza kukaza nati za mbele kwa vidole, kisha spana fupi namba 10, robo mzunguko huku robo kule, zipande sawa sawa, ndipo nikamalizia bolti ya nyuma.

Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) niliazima kwa jamaa yangu wa Temeke, nati zangu ni M6 (za stadi nene milimita 6), nikaweka Nm 10 (Nm ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza), ilipofika ikalia tiki, na nilishangaa kumbe ni nguvu ndogo hivyo, mkono tu kwenye spana fupi unatosha!! Yule fundi alipitiliza mno.

Nimezunguka mpaka Kigamboni na kurudi, ikapoa nikazijaribu nati tena, moja ilikuwa imelegea kidogo nikaikaza. Sasa kimya kabisa.