Fensi ya meza ya seremala: ipewe hataza au ni mali ya Keko nzima?

Mleta mada

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za mihangaiko. Kuna jambo linaniwasha tangu Jumamosi, naomba tulijadili kwa hoja, kejeli tuziweke pembeni.

Mdogo wangu ni seremala, ana kibanda Keko hapa Dar es Salaam, upande wa Magurumbasi. Kwa wasioijua kazi: ukiulaza ubao mezani ukaupiga randa kwa mshazari, unateleza ubavuni. Kwa hiyo mafundi wanapigilia kipande cha mbao ukingoni mwa meza, ubao unaegemea hapo. Hiyo ndiyo fensi. Balaa linaanza ukiranda ubao mwembamba, maana fensi inakuwa juu kuliko ubao na randa inaigonga. Unang'oa, unapigilia nyingine fupi. Siku ya kuunga kabati unataka meza tupu, unang'oa tena. Baada ya mwaka uso wa meza una matundu kama chekeche.

Dogo katengeneza fensi inayopanda na kushuka, na kazi ikiisha unaichomoa nzima na kuitundika ukutani. Msumari hakuna. Ndani ya wiki tatu vibanda vitatu vya jirani vina fensi hiyo hiyo, na mmoja wao anazitembeza mpaka Buguruni kuziuza. Dogo hajapata hata soda.

Mimi nasema apewe hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichovumbua. Mtu ametumia akili yake na mbao zake, amekosea mara nne kabla ya kupatia. Kwa nini anayeangalia tu ale sawa na aliyekosea mara nne? Karibuni.

Mzee wa Randa

Marahaba kijana. Mimi niko Keko tangu mbao za mninga zinashushwa kwa bei ya kueleweka. Nikuulize: huyo mdogo wako alijifunzia wapi kuchonga kitanda cha sita kwa sita? Kuna aliyemlipa? Aliangalia. Sote tuliangalia. Mtindo wa sofa ukitoka leo kwa fulani, Ijumaa uko barabara nzima, na mteja ndiyo sababu anakuja Keko: anajua kila kibanda kitakuwa nao, atapigana bei. Mkianza kuwekeana hataza kwenye kipande cha ubao cha kuegemezea, kesho mwingine ataweka hataza kwenye stuli ya kukalia.

Halafu fensi ya kuchomoa si ngeni. Mimi nilikuwa nayo, nimebana kwa jiriwa mbili, vile vibanio, pembeni. Ilipanda, ilishuka, ilitoka. Sikuiita uvumbuzi, niliiita fensi.

Wakili Mchanga

Shikamoo mzee. Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu hapa watu wanagombania kitu ambacho sheria imeshakipigia mistari.

Sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987 (zamani ilibidi uwe na hataza ya Uingereza kwanza ndipo uje kuiandikisha hapa, hebu fikirini) inataka mambo matatu. Kitu kiwe kipya, na upya unapimwa kwa dunia nzima, Keko peke yake haitoshi. Kiwe na hatua ya uvumbuzi, maana yake fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingekifikia kwa urahisi. Na kiweze kutengenezwa au kutumika kwenye kazi ya uzalishaji. La tatu halina ubishi. Shida iko kwenye la pili.

Mleta mada, sifa ulizozitaja ni mbili: inarekebishika na inachomoka. Zote mbili zimeshafika mahakamani Marekani na zikaanguka. Mwaka 1954, katika shauri la Stevens lililohusu mpini wa fimbo ya kuvulia samaki, mahakama ilisema kukifanya kitu kirekebishike pale panapohitaji kurekebishwa si hatua inayostahili hataza. Mwaka 1961 likaja la Dulberg, kibebeo cha lipstiki chenye kifuniko cha kutoka. Cha zamani kifuniko kilikuwa kimekandamizwa kisitoke. Mahakama ikasema mtu akihitaji kufika upande ule, ni wazi atakifanya kitoke. Mpaka leo wakaguzi wa hataza wa kule wanayatumia mashauri hayo kama rungu.

Hukumu hizo hazitufungi sisi, ila swali ni lile lile. Ukiandika kwenye ombi "fensi inayopanda, kushuka na kuchomoka", mkaguzi atakurudishia kabla chai haijapoa.

Dada wa Tabata

Kwa hiyo kibao changu cha kukatia vitunguu kinachochomoka kwenye kabati la jiko hakina maisha. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mamilioni.

Mleta mada

Wakili nakuheshimu, lakini unatupa mifano ya walioshindwa tu. William Biesemeyer wa Marekani alipata hataza kwa fensi ya msumeno wa meza. Fensi! Tena inayosogezwa na kutolewa. Na Ron Hickman je? Huyu kazaliwa Afrika Kusini, akaenda Uingereza, ndiye aliyesanifu gari la Lotus Elan. Siku moja anatengeneza kabati nyumbani, ametumia kiti kama meza ya kukatia, akakata na kiti chenyewe. Kutokana na hasara hiyo akabuni meza ya kazi ya kukunjwa, ile Workmate. Makampuni yakamkataa, baadaye Black & Decker wakaingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikauzwa kwa mamilioni. Alipoigwa alikwenda mahakamani na akashinda. Meza ya mbao na vyuma viwili hiyo, wala si roketi.

Kwa nini mzungu aliyekata kiti chake ni mvumbuzi, na mdogo wangu aliyetoboa meza yake ni "fundi wa kawaida"?

Wakili Mchanga

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalobeba mada nzima. Hickman hakupewa hataza kwa sababu meza yake inakunjika. Meza za kukunja zilikuwepo. Alichokuwa nacho ni uso wa meza ambao wenyewe ndio jiriwa: mbao mbili ndefu, moja inasogea kwa mikono miwili ya kuzungusha, na kila mkono unajitegemea, kwa hiyo unaweza kubana hata kipande chembamba huku na kinene kule. Biesemeyer naye hakudai "fensi inayosogea". Fensi nyingi za zamani zilibanwa mbele na nyuma ya msumeno, zikawa zinakaa upande. Yake ilikuwa kama herufi T, inashika reli ya mbele tu, na ule mshiko wenyewe ndio unaoinyoosha sambamba na msumeno.

Mmeona tofauti? Kinacholindwa ni NAMNA inavyofanya kazi hiyo. Hamu ya kutaka ifanye hiyo kazi kila mtu anayo.

Na ukitaka mfano wa kuunganisha vitu vya zamani mezani bila kupata kitu kipya, kuna shauri la 1950 kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Kaunta ya mhudumu wa duka, juu yake fremu ya pande tatu isiyo na kitako. Mteja anaweka vitu ndani, mhudumu anavivuta kwa fremu mpaka alipo, kisha anairudisha. Kazi ilikwenda haraka, biashara ikaipenda. Hataza ikafutwa. Mahakama iliona kaunta ni kaunta na fremu ni fremu, zimekaa pamoja kila moja ikifanya kazi yake ile ile.

Sasa nikuulize wewe, maana hujasema: fensi ya mdogo wako inashikaje?

Kijana wa Gerezani

Kabla hajajibu, mimi nina la kwangu. Nachomelea vyuma. Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza mguu wa meza wa skwea paipu unaofungwa kwa pini moja. Mtu wa duka fulani akachukua sampuli, akasema atarudi na oda. Oda sikuiona, miguu niliiona dukani kwake. Nilipouliza kuhusu kushtaki nikaambiwa hata ningekuwa na hataza, kumtafuta mwizi na kumfikisha mahakamani ni kazi yangu na wakili ni juu yangu. Serikali inakupa karatasi, mlinzi unajitafutia. Kwa fundi wa kibanda hilo ni jambo la kufikiria kuliko hata huo uvumbuzi.

Tena BRELA, ofisi inayosajili hataza, ni ya Bara. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao. Mtu akipanda boti asubuhi, mchana anachonga fensi yako Darajani na hataza yako haimgusi.

Mleta mada

Wakili, nimempigia dogo ili nisiseme uongo. Iko hivi. Fensi ina miguu miwili ya mbao inayoingia kwenye matundu mawili ya mstatili mezani. Hakuna bolti wala chuma chochote. Kila tundu upande mmoja umechongwa kwa mteremko, na humo kuna kabari. Kabari haipigwi nyundo. Imefungwa na mguu kwa kijiti kidogo kinachocheza, kwa hiyo ubao ukiisukuma fensi wakati wa kuranda, mguu unaivuta kabari chini na inazidi kukaza. Kadiri unavyoranda kwa nguvu ndivyo inavyobana. Ukitaka kupandisha au kutoa, unaingiza kiganja chini ya meza, unaigonga kabari kwenda juu, inaachia.

Anasema alianza na bolti na nati za masikio. Masika mbao ikavimba, miguu ikakwama kwenye matundu. Kiangazi ikasinyaa, fensi ikawa inacheza kama jino la mtoto. Kabari inakula tofauti hiyo yenyewe.

Mzee wa Randa

Hapo sasa umezungumza kitu. Ungeanza na hayo.

Lakini kabari kijana! Randa ya mti yenyewe kisu chake kinabanwa na kabari. Shoka linakazwa mpini kwa kabari. Hiyo kabari ameikuta duniani.

Wakili Mchanga

Mzee, kabari ameikuta, kweli. Lakini je, kuna aliyewahi kuifunga kabari na mguu wa fensi hivyo, ikakazwa na nguvu ya randa yenyewe, na kwa njia hiyo akaondoa tatizo la mbao kuvimba? Kama yupo popote duniani, habari imeisha. Meza za useremala zimeandikwa na kuchorwa Ulaya tangu karne ya 17, na hataza za nje zinasomeka bure kwenye intaneti, kwa hiyo kutafuta ni lazima kabla ya kulipa hata shilingi. Na jambo ambalo mafundi hawaambiwi: hataza ya Marekani ambayo haikuandikishwa hapa haimzuii mtu wa Keko kutengeneza na kuuza hapa hapa. Ile ya Biesemeyer imekwisha muda wake hata huko kwao. Chongeni.

Kama haipo, ningemshauri asikimbilie hataza. Sheria hiyo hiyo ina hati ndogo ya ubunifu, ambayo haidai hatua ya uvumbuzi. Inataka kitu kiwe kipya na kitumike kwenye uzalishaji. Muda wake ni mfupi, lakini fensi ya Keko haihitaji miaka 20. Na madai yake, yaani kile anachotaka kilindwe, yaandikwe kwa kabari na kijiti. Hayo ya kupanda na kushuka ayaache kabisa.

Ila nina wasiwasi na upya. Ametuma picha popote?

Mleta mada

Aliweka video kwenye status yake. Mwezi uliopita.

Dada wa Tabata

Jamani.

Wakili Mchanga

Sheria ina huruma ya miezi michache kwa aliyejifichulia mwenyewe, kwa hiyo bado hajazama. Lakini asiongeze. Aitoe hiyo video, aandike tarehe, na kwenye maonyesho ya Sabasaba asiipeleke kabla hajawasilisha ombi. Hao majirani watatu wameiga na kabari, au sura ya nje tu?

Mleta mada

Sura ya nje. Wao wamefunga bolti. Kabari haionekani mpaka uiname chini ya meza.

Mzee wa Randa

Basi masika yakija watakwama wote, na mimi nitacheka.

Msimamo wangu sijaubadilisha. Kuangaliana ndiyo shule yetu, na siku ukifunga shule hiyo kijana wako atakosa hata wa kumwachia kibanda. Lakini aliyeuza fensi Buguruni bila kutaja aliyeibuni amekosa adabu, hilo halihitaji BRELA. Mwambie mdogo wako kesho asubuhi nakuja na ubao wa msindano wa nusu inchi. Nataka kuiranda mwenyewe kwa mshazari nione kama kweli inakaza, au mnanisimulia tu. Kabari siangalii, nitasimama upande wa juu wa meza.

Mleta mada

Karibu mzee. Nimemwambia atandike gunia chini ya meza, wapita njia wasiinamie.