Naomba ushauri: hita ya oili kwa Fuso inayolala Matamba

Wakuu, habari za majukumu. Nina Fuso ya kubeba viazi, inalala Matamba, kule Makete kwenye baridi, jirani na Kitulo. Juni hadi Agosti kunakucha umande umeganda kwenye majani, na alfajiri injini inagoma: stata inazunguka kwa uzito, betri zinachoka, na ikiwaka ni moshi mweupe tele.

Nimeshabadilisha betri zote mbili, na oili nimetoka 20W-50 nikaweka 15W-40, ambayo ni nyepesi zaidi kwenye baridi. Kuna nafuu, ila haitoshi. Dereva anataka kuwasha jiko la mkaa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kama wenzake wanavyofanya. Hilo nimelikataa, pale chini kuna mipira na mafuta.

Umeme upo ninapolaza gari, kwa hiyo nawaza hita. Nimeona ya bapa, inayobandikwa chini ya sampu kwa nje, na ile ya kuchomeka kwenye tundu la dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Ya pili ni rahisi kufunga, lakini inapasha sehemu ndogo tu, isije ikaunguza oili.

Kwa sampu ya lita kama 15, wati ngapi zinatosha kuachwa usiku kucha? Na hizi za Marekani za volti 120, kuna aliyezitumia kwa transfoma kwenye umeme wetu wa 230, au nisihangaike nazo?